Pampu ya joto ya ardhini: uniti moja ya umeme inatoaje uniti nne za joto, na kwa nini si kila nyumba inazipata

Tangu bei ya gesi ipae Ulaya mwaka 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, habari za kupasha nyumba joto zimetoka kwa mafundi zikaingia sebuleni. Ujerumani ilibishana sehemu kubwa ya mwaka 2023 juu ya sheria mpya ya mifumo ya kupasha joto, iliyoanza kutumika Januari 1, 2024. Kwa ndugu zetu wanaoishi Sweden, Norway, Finland, Ujerumani na Kanada, haya si mambo ya magazetini tu. Chama cha wakazi wa jengo kinaitisha kikao, muuzaji anakuja na vipeperushi vyake, na kila mtu anaambiwa maneno yale yale: utalipia uniti moja ya umeme, utapata uniti nne za joto.

Hapo wasikilizaji hugawanyika. Wapo wanaosema huo ni utapeli, kwa sababu hakuna mashine inayotoa zaidi ya inachokula. Wapo wanaodhani wanachimbiwa Olkaria ndogo, ule mtambo wa Kenya wa umeme wa mvuke wa ardhini, nyuma ya nyumba. Na wapo wanaoamini kila neno, wakatia saini, halafu bili ya Januari ikawaacha midomo wazi. Wote watatu wamepitwa na jambo moja. Ile nne haikai ndani ya mashine. Inatokana na mashine, kisima, mwamba, kuta za nyumba na maji yanayozunguka kwenye radieta (vile vyuma vya ukutani vinavyopasha chumba kwa maji ya moto), vikifanya kazi pamoja. Kimoja kikilegea, namba inashuka, hata mashine iwe bora namna gani.

Maneno ya kuanzia

Uniti ni ile ile tunayoijua nyumbani, ya LUKU au ya tokeni: kilowati moja ikitumika kwa saa moja. Joto nalo hupimwa kwa uniti. Hita ya kawaida ya umeme ikila uniti moja inatoa uniti moja ya joto, haizidi wala haipungui. Hiyo ndiyo namba 1, na kila kitu kinachofuata tutakilinganisha nayo.

Pampu ya joto ni mashine inayotoa joto penye ubaridi na kulipeleka penye joto. Kila mwenye friji anayo. Pitisha mkono nyuma ya friji ambayo imekuwa ikiunguruma, utakuta pamepata moto. Joto lile limetolewa kwenye maziwa, nyama na sufuria ya maharage iliyowekwa ndani, likajumlishwa na umeme uliotumiwa na kompresa, kisha vyote vikamwagwa kwa nyuma. Pampu ya ardhini ni friji hiyo hiyo, ila mahali pa maziwa na maharage pana mwamba wa chini ya ua, na mahali pa ule wavu wa nyuma pana radieta za nyumba nzima.

Kwa hiyo hakuna uniti iliyozuka tu. Moja imelipiwa kwenye mita, tatu zimetoka ardhini, jumla ni nne. Anayesema haiwezekani anadhani mashine inatengeneza joto, wakati kazi yake ni kulihamisha.

Kisima cha mfumo huu ni tundu jembamba, upana wake sentimita 11 hadi 14, linaloteremka wima mita 100, 200, wakati mwingine 300. Ndani yake linashushwa bomba la plastiki lililokunjwa kama herufi U. Humo yanazunguka maji yaliyochanganywa na spiriti ili yasigande. Yanashuka yakiwa ya baridi, yanapanda yakiwa yameongezeka nyuzi tatu hivi, yanaikabidhi mashine joto hilo, kisha yanashuka tena. Hakuna maji yanayovutwa kutoka ardhini. Mwenye kiwanja kikubwa anaweza kulaza mabomba kwenye mtaro wa kina cha mita moja au mbili badala ya kuchimba wima. Gharama yake ni ndogo zaidi, lakini yanahitaji eneo kubwa na yanaguswa zaidi na msimu.

Ardhi baridi inatoaje joto?

Hapa ndipo watu wengi hukwama, na hawana kosa. Chini ya Stockholm, mwamba una nyuzi 7 au 8 tu. Kaskazini ya mbali unabaki na nyuzi chache juu ya sifuri. Utatoaje kwake joto la kumfanya mtu avue sweta?

Jibu ni kwamba kitu chenye nyuzi 5 kwetu ni baridi ya kutetemesha, lakini bado kimebeba joto jingi. Sifuri halisi, pale ambapo hakuna joto la kuchukua tena, iko nyuzi 273 chini ya pale maji yanapoganda. Na ndani ya pampu kuna gesi inayochemka kwenye baridi kali. Propani, ambayo mashine nyingi mpya zinaitumia, huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri ikiwa katika msukumo wa kawaida wa hewa. Kwa gesi kama hiyo, maji ya nyuzi 0 yanayotoka kisimani ni moto wa kutosha kuichemsha. Ikishageuka mvuke, kompresa inaibana. Gesi ikibanwa hupanda joto, kama anavyojua yeyote aliyegusa pampu ya baiskeli baada ya kujaza tairi. Mvuke huo wa moto unayapa joto maji ya radieta, unarudi kuwa kimiminika, unapita kwenye valvu nyembamba inayoushusha msukumo, unapoa, na mzunguko unaanza upya.

Wazo hili ni la zamani. William Thomson, aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, alilieleza mwaka 1852. Mwaka 1912 Heinrich Zoelly wa Uswisi alipata hataza ya kuchukua joto ardhini kwa njia hiyo. Lililokosekana kwa miongo mingi lilikuwa sababu ya kujisumbua, kwa kuwa mafuta yalikuwa rahisi. Sababu ilikuja na mgogoro wa mafuta wa mwaka 1973. Sweden, ambayo nyumba zake nyingi zilikuwa zikichoma mafuta, ilianza kutafuta njia nyingine. Mwaka 1991 ikaweka kodi ya kaboni, na mafuta yakazidi kuwa ghali. Leo zaidi ya nusu ya nyumba za familia moja huko zina pampu ya joto ya aina fulani, na visima vyake vinahesabika kwa mamia ya maelfu. Ndiyo maana nitaitumia Sweden zaidi katika makala haya.

Olkaria ni jambo jingine

Msomaji wa Kenya au Tanzania akisikia joto la ardhini, akili inaenda Naivasha. Ni haki yake. Lakini kule visima vinashuka kilomita mbili hadi tatu na kukutana na mvuke wa nyuzi zaidi ya 200, na mvuke huo unazungusha mitambo ya umeme. Mtambo wa kwanza wa Olkaria ulianza kuzalisha mwaka 1981. Pale bonde la ufa na volkeno ndivyo vinavyofanya kazi. Kisima cha mita 200 cha Uppsala, Sweden, hakizalishi umeme hata kidogo. Mfumo wake unakula umeme.

Na joto lake halitoki kwenye moto wa kina cha dunia, ingawa matangazo mengi yanachora hivyo. Piga hesabu. Joto linalopanda kutoka chini kabisa huko Skandinavia ni takriban wati 0.06 kwa kila mita ya mraba. Kiwanja cha mita za mraba 1,000 kinapata wati 60, yaani kama uniti 525 kwa mwaka mzima. Nyumba ya familia katika baridi ile inaweza kuhitaji uniti 20,000 za joto kwa mwaka. Ikiwa robo yake ni umeme, ardhi inadaiwa 15,000, na 525 hazifiki popote. Zilizobaki zinatoka pembeni, kwenye mwamba unaokizunguka kisima, na mwamba huo unarudishiwa kutoka juu, na jua na hewa ya kiangazi, polepole mno. Mwamba ni ghala la majira ya joto. Tulikumbuke hilo, kwa sababu ghala linaweza kupungua.

Kinachoamua namba

Mwaka 1824 Mfaransa Sadi Carnot alionyesha kwamba mashine za joto zina ukomo usiovukwa na fundi yeyote. Kwa pampu ya joto, ukomo huo unapatikana kwa hesabu ya shule ya msingi. Chukua joto la maji unayoyapeleka kwenye radieta, ongeza 273, kisha gawanya kwa tofauti kati ya joto hilo na joto la chanzo. Mashine halisi hupata karibu nusu ya jibu.

Tuseme maji yanatoka kisimani yakiwa nyuzi 0, na nyumba ina mabomba ya kupasha sakafu yanayotosheka na maji ya nyuzi 35. Unagawanya 308 kwa 35, unapata 8.8. Nusu yake ni 4.4. Hiyo ndiyo nne ya muuzaji, tena na ziada.

Sasa kisima ni kile kile, mashine ni ile ile, ila nyumba ni ya zamani, ina radieta ndogo na madirisha yanayovuja, na inahitaji maji ya nyuzi 55. Unagawanya 328 kwa 55, unapata karibu 6. Nusu yake ni 3. Hakuna kilichobadilika ardhini. Kilichobadilika ni urefu wa mlima ambao joto linapandishwa, na umeme unalipia mlima huo. Kila nyuzi moja unayoipunguza kwenye maji ya radieta inakupa nafuu ya umeme ya asilimia 2 au zaidi kidogo.

Hesabu hiyo hiyo inaonyesha faida ya ardhi juu ya hewa. Pampu inayovuta joto kwenye hewa ya nje ni rahisi kufunga, haihitaji kisima. Lakini usiku wa nyuzi 15 chini ya sifuri, kwa radieta zile za 55, unagawanya 328 kwa 70. Unapata 4.7, na mashine halisi inabaki na 2 na kidogo. Tena usiku huo ndio nyumba inahitaji joto zaidi kuliko siku zote. Ardhini, chini ya mita 10 au 15, mwamba hauna habari kama ni Julai au Januari. Faida kubwa ya kisima iko hapo, kwenye wiki mbili tatu mbaya za mwaka, na shirika la umeme linaiona pia, kwa kuwa mtaa mzima wa pampu za hewa hulemea gridi saa zile zile za baridi kali.

Kwamba tofauti hii ipo kwenye nyumba za watu na si maabara tu, taasisi ya Fraunhofer ya Freiburg imeipima. Katika utafiti wake wa nyumba za zamani za Ujerumani, uliotolewa mwaka 2020, pampu za ardhini zilipata wastani wa 4.1 kwa mwaka na zile za hewa 3.1. Lakini ukitazama nyumba moja moja, za ardhini zilianzia 3.3 hadi 4.7 na za hewa 2.5 hadi 3.8. Maana yake, pampu ya hewa iliyofungwa vizuri iliipita pampu ya ardhini iliyofungwa vibaya, ingawa mwenye kisima alilipa fedha nyingi zaidi. Mimi huona hiyo kuwa habari kubwa kuliko wastani wenyewe.

Namba ya kipeperushi na namba ya mwaka

Kwenye karatasi za mauzo utaona herufi COP. Hiyo ni namba ya wakati mmoja, iliyopimwa maabara kwa joto maalumu, mara nyingi maji ya kisima nyuzi 0 na maji ya nyumba 35. Si uongo, ila ni kipimo cha hali moja. Inayokuhusu wewe ni namba ya mwaka mzima, ambayo wahandisi huiandika SPF: uniti zote za joto ulizopata kuanzia Januari hadi Desemba, ugawanye kwa uniti zote za umeme ulizotumia. Umoja wa Ulaya wenyewe, ukihesabu nishati jadidifu, uliweka mpaka wa 2.5. Chini ya hapo joto la pampu ya umeme halihesabiki.

Kati ya namba hizo mbili kuna mambo madogo madogo yanayokula. Pampu za kuzungusha maji zina umeme wake. Maji ya kuoga lazima yapandishwe hadi nyuzi 60 mara kwa mara, kwa sababu bakteria wa lejionela hupenda maji ya vuguvugu. Lakini mlaji mkubwa ni hita ya akiba.

Karibu kila pampu ya joto ya Sweden ina hita ya umeme ndani ya kasha lake, na Waswidi huiita elpatron. Kazi yake ni kusaidia siku za baridi kali kupita kiasi, maana kununua mashine inayotosha hata siku moja mbaya ya mwaka ni gharama kubwa bure. Huo ni mpango mzuri. Hata hivyo, elpatron ni hita, na hita ni namba 1. Rudi kwenye nyumba yetu ya uniti 20,000. Pampu ikizibeba zote kwa namba 4, umeme ni uniti 5,000. Tuseme sasa pampu inabeba asilimia 90 na elpatron 10. Pampu inatumia 4,500 na elpatron 2,000, jumla 6,500. Gawanya: namba ya mwaka imeporomoka kutoka 4 hadi karibu 3.1. Asilimia 10 tu ya joto imeongeza umeme kwa asilimia 30.

Na inaweza kuwaka bila wewe kujua. Mtu anarudi safari, anakuta nyumba imepoa, anapandisha thamostati nyuzi nne kwa mkupuo, na mashine inaona pengo kubwa inaita hita. Au fundi aliacha mipangilio ya kiwandani inayoiruhusu iwake mapema. Au kisima ni kifupi na pampu haifikii. Bili nyingi za kutisha za Januari ninazosimuliwa zina mkono wa elpatron. Katika menyu ya mashine kuna mahali panapoonyesha saa ambazo hita imewaka. Patafute hapo kwanza kabla ya kumpigia mtu simu.

Kuna jambo jingine linalowachanganya hata wataalamu: namba nzuri si lazima iwe bili nzuri. Nyumba mpya iliyozibwa vizuri inahitaji joto dogo la vyumba, hivyo sehemu kubwa ya kazi ya pampu inabaki kuwa maji ya kuoga, ambayo ni ya moto. Namba yake ya mwaka inashuka. Jirani mwenye kuta zinazovuja lakini sakafu ya kupasha joto anaweza kujivunia namba kubwa zaidi huku akilipa mara mbili.

Kisima kinapochoka

Nilisema mwamba ni ghala. Wenye visima vya zamani wanalijua hilo kwa vitendo, na hapa kuna kisa kinachoonekana kinyume na akili.

Sweden ina visima vilivyochimbwa miaka ya 1980, wakati pampu zilikuwa hafifu. Chukua pampu moja yenye namba 2.5. Kwa uniti 20,000 za joto, ilikula umeme 8,000 na kuchukua 12,000 ardhini. Mashine imezeeka, mwenye nyumba ananunua mpya ya namba 4. Sasa umeme ni 5,000, lakini ardhi inatoa 15,000. Mashine bora imeongeza mzigo wa kisima kwa robo nzima, na kisima hakijarefuka hata mita moja. Mwamba unaokizunguka unapoa. Maji yanarudi yakiwa chini ya sifuri zaidi kila mwaka, mlima wa kupandisha joto unakuwa mrefu, namba inashuka, elpatron inaingia. Ikifika mbali, maji ya ardhini yaliyojaa ndani ya kisima yanaganda na barafu inaweza kulibana bomba mpaka likazuia mzunguko. Kwa hiyo anayebadilisha mashine lazima akihesabu upya kisima, na muuzaji asiyegusia hilo hajamaliza kazi yake.

Aina ya ardhi ina sauti kubwa. Graniti, iliyojaa Skandinavia, hupitisha joto vizuri, na maji yanayojaa kisimani yanasaidia zaidi. Mchanga mkavu ni mvivu mno. Udongo mnene juu ya mwamba unaongeza gharama kwa sababu lazima upitishiwe bomba la chuma ili usiporomoke. Sweden ina bahati ya kumbukumbu: sheria inamtaka mchimbaji aripoti kila kisima kwa idara ya jiolojia ya taifa, SGU, hivyo unaweza kujua majirani walikutana na nini kabla hujaleta mtambo uani. Mwongozo wa huko unashauri visima viachane mita 20, ili nyumba mbili zisichote mwamba mmoja.

Majengo makubwa hayana anasa hiyo. Hospitali ya Chuo Kikuu cha Akershus, nje kidogo ya Oslo, ina visima zaidi ya 200 vya mita 200 hivi vilivyopangwa pamoja. Visima vilivyosongamana namna hiyo havirudishiwi joto kutoka pembeni, maana pembeni kuna kisima kingine. Vinahitaji kulishwa. Hospitali inapopoozwa kiangazi, joto linalotolewa kwenye vyumba na vifaa linashushwa chini ya ardhi, likasubiri msimu wa baridi. Majengo ya makazi yasiyo na haja ya kupoozwa hutumia hewa chafu inayotolewa vyumbani au mitambo ya jua kwa kazi hiyo hiyo. Chama cha wakazi kikiletewa mpango wa visima vingi kwenye ua mdogo, swali la kwanza liwe: joto litarudije chini?

Na kuna sehemu ambazo baridi imezidi hata kwa kisima. Watafiti wa Fairbanks, Alaska, waliweka mfumo wa mabomba ya kulazwa kwenye ardhi inayopakana na udongo ulioganda daima, wakaona utendaji ukishuka mwaka hadi mwaka kadiri ardhi ilivyopoa. Udongo uliogandishwa kwa kunyang'anywa joto huvimba, na nyumba iliyo juu yake hubeba matokeo.

Hofu ya nyufa

Wasiwasi kwamba kuchimba kunapasua nyumba si wa kupuuzwa, kwa sababu Staufen ipo. Ni mji mdogo wa kusini mwa Ujerumani. Mwaka 2007 ukumbi wa mji uliochakaa ulikuwa ukikarabatiwa, vikachimbwa visima saba vya mita 140 hivi kwa ajili ya pampu ya joto. Chini pale kulikuwa na tabaka la madini ya anhidraiti, na maji yaliyokuwa chini yake kwa msukumo yakapata njia ya kulifikia. Anhidraiti ikikutana na maji hugeuka jasi na kuvimba. Mji wa kale ukaanza kuinuka. Zaidi ya nyumba 200 zikapata nyufa, zikiwemo za karne nyingi. Kosa halikuwa pampu, lilikuwa kutoboa tabaka lisilofahamika vizuri na kutoliziba inavyopaswa. Graniti ya Sweden haina tabia hiyo. Lakini pale ambapo jiolojia ina madini ya namna hiyo, kibali cha kuchimba hakipaswi kuchukuliwa kama karatasi ya usumbufu.

Je, bili itashuka?

Inategemea unatoka wapi. Nyumba iliyokuwa ikitumia hita za umeme, yenye uniti 20,000, ikihamia namba 3.5 itanunua kama 5,700. Hapo hakuna ubishi. Sehemu kubwa ya Sweden haina mabomba ya gesi mitaani, na hiyo ni sababu mojawapo ya pampu kushinda mapema.

Uingereza ni hadithi nyingine. Kwa miaka ya karibuni uniti ya umeme huko imekuwa karibu mara nne ya uniti ya gesi. Ita bei ya gesi 1 na ya umeme 4. Boila nzuri, yaani mashine inayochoma gesi kupasha maji ya radieta, inapoteza sehemu ya kumi hivi, kwa hiyo uniti ya joto inagharimu 1.11. Pampu ya namba 3.5 inagharimu 1.14. Umechimba kisima na bili haikusogea. Mtu aliyekasirika kwa hilo hajadanganywa na fizikia. Kilichomuumiza ni pengo la bei kati ya umeme na gesi. Sehemu ya pengo hilo ni tozo zilizobebeshwa umeme zaidi kuliko gesi, na hilo ni suala la bunge.

Kuna wanaouliza faida iko wapi ikiwa umeme wenyewe unatoka kwenye makaa. Kwa upande wa nishati, hesabu bado inasimama: makaa ya uniti 100 yanatoa umeme wa uniti 40 hivi, na kwa namba 3.5 unapata joto la 140. Gesi ya 100 kwenye boila inatoa 90. Upande wa moshi, makaa ni machafu kiasi cha kuimaliza faida hiyo, na pampu inaonyesha thamani yake kamili pale umeme unapotoka kwenye maji, upepo au nyuklia, kama ilivyo Sweden na Norway.

Kabla ya kutia saini

Mwulize muuzaji alitumia joto gani la maji kupata namba yake, na elpatron imehesabiwa kubeba asilimia ngapi ya mwaka. Omba yaandikwe kwenye mkataba. Omba pia mita ya joto ifungwe kando ya mita ya umeme ya mashine, kwa sababu bila mbili hizo hakuna anayeweza kujua namba halisi. Mwenye mfumo tayari aandike kila mwisho wa Februari joto la maji yanayopanda kutoka kisimani. Yakipungua kidogo miaka ya mwanzo ni kawaida. Yakiendelea kushuka baada ya hapo, kisima kinahitaji kuongezwa au kulishwa.

Na kwa anayesitasita, kuna jaribio lisilogharimu chochote. Siku ya baridi kali, shusha maji ya boila uliyonayo hadi nyuzi 50, kisha 45, uiache nyumba siku mbili. Maji ya kuoga yaache kwenye mpangilio wake. Vyumba vikibaki na joto, nyumba yako iko tayari kwa pampu. Kikipoa chumba kimoja au viwili tu, badilisha radieta za hapo kwa kubwa zaidi. Ikipoa nyumba yote, fedha ya kwanza iende kwenye dari na madirisha, na urefu wa kisima uhesabiwe baada ya hapo.